Taa Ileile Nyekundu

Historia ya gari kwa kawaida huandikwa kwa injini, kwa mashindano na kwa majina ya wenye viwanda. Mwandishi huanza na Karl Benz na hataza yake ya mwaka 1886, akapitia Detroit kwa Henry Ford, na mpaka anamaliza huwa amehesabu nguvu za farasi wengi kuliko waliowahi kufugwa katika nchi yetu yote. Mimi sikuwa fundi wala dereva wa mashindano. Nilikuwa mkufunzi wa fizikia, na baadaye mkuu wa chuo cha ualimu. Kitu kilichonivutia katika gari ni kidogo sana: ile taa nyekundu ya dashibodi inayowaka ukigeuza ufunguo, ikazimika injini ikishika. Balbu yake haizidi ukubwa wa punje ya hindi. Lakini ina historia yake, na ajabu ya historia hiyo ni kwamba sura ya taa haikubadilika hata kidogo, ilhali maana yake ilibadilika. Asiyejua hilo huweza kuisoma vibaya, na kuisoma vibaya kuna gharama.

Magari ya kwanza hayakuwa na taa ya onyo kwa sababu hayakuwa na cha kuonya. Injini ilizungushwa kwa hendeli, cheche zikatoka kwenye magineto, na usiku dereva akawasha taa za gesi ya kabidi kwa kiberiti. Umeme ulipoingia kwa dhati ni mwaka 1912, wakati Cadillac walipotoa gari lenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Stata ilihitaji betri kubwa, na betri ilihitaji kujazwa tena safarini. Kazi hiyo ikapewa dinamo iliyozungushwa na injini. Hapo ndipo swali jipya likazaliwa ambalo dereva wa hendeli hakuwahi kujiuliza: je, kinachotoka kwenye betri kinarudi?

Jibu la kwanza lilikuwa geji. Sindano ikielekea upande mmoja, betri inajazwa. Ikielekea upande wa pili, inamwaga. Katika kipindi hicho hicho Wamarekani walikuwa na kipimajoto walichokifunga juu kabisa ya mfuniko wa rejeta, kikiitwa Boyce MotoMeter, ambacho dereva alikisoma kupitia kioo cha mbele. Mwenye gari alichukuliwa kuwa mtu anayetaka kujua kiasi: joto kiasi gani, oili ina shinikizo gani, umeme ampia ngapi.

Katika miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ya Marekani ikaenda njia nyingine. Mahali pa geji ya oili na geji ya umeme iliweka taa. Zikizimika, endelea na safari, zikiwaka, simama. Taa ilikuwa rahisi kutengeneza kuliko geji, na ilimfaa mtu asiyejua ampia ni nini wala asiyetaka kujua. Wapenzi wa magari walizidharau, wakazibandika jina lenye maana ya taa za wapumbavu. Mimi sikubaliani na dharau hiyo. Sindano inayotikisika huonwa na anayeitazama tu, na dereva wa usiku katika mvua ana mambo mengine ya kutazama. Taa nyekundu humtafuta mtu hata akiwa hakuitafuta. Kasoro yake ni nyingine kabisa, nami nitaifikia.

Huku kwetu wengi tuliijua taa hiyo kwa mara ya kwanza katika Volkswagen, lile gari la mgongo wa kobe. Wazee wenzangu watakumbuka mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakaitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, na tena 1962. Gari hilo kwa miaka mingi halikuwa hata na geji ya petroli. Lilikuwa na bomba la akiba tu, na dereva alilifungua kwa mguu injini ikianza kukohoa. Lakini taa nyekundu lilikuwa nayo, na ndani ya Volkswagen taa hiyo ilibeba habari mbili. Feni ya kupoza injini ilifungwa kwenye mhimili wa dinamo. Mkanda ukikatika, dinamo na feni husimama pamoja. Kwa hiyo aliyeona taa imewaka akasema moyoni, "betri itanifikisha", aliweza kuiua injini kwa joto kabla hajafika mahali. Katika gari jingine la miaka hiyo hiyo taa kama hiyo ilimwachia dereva saa nzima ya mwendo mchana. Ni taa moja na rangi moja, lakini hukumu ni tofauti kabisa.

Sasa nije kwenye gari ninalotaka kulizungumzia hasa. MGB lilianza kutengenezwa mwaka 1962 katika kiwanda cha MG kilichokuwa Abingdon, mji mdogo wa Uingereza karibu na Oxford. Ni gari la spoti la viti viwili, fupi kwenda juu, lenye injini ya sentimita za ujazo 1798 na kabureta mbili. Kiwanda kiliendelea kulitoa hadi mwaka 1980, na ukihesabu pamoja na yale ya paa la bati yaliyoanza 1965, yalitoka zaidi ya nusu milioni. Moja kati ya hayo, la mwaka 1964, jeupe, lilifika chuoni kwetu na mkufunzi Mwingereza. Mkataba wake ulipokwisha katika miaka ya 1970 aliliuza kwa rafiki yangu, mkufunzi wa kemia, kwa bei ambayo hatukuwahi kuambiwa sisi wengine. Rafiki yangu alikuwa mrefu. Kuingia kwake ndani ya gari lile kulikuwa tamasha, na wanachuo waliacha kula kuja kutazama.

Dashibodi yake ilikuwa kama mkutano wa vizazi viwili. Kwa upande mmoja zilikuwako geji za kizamani: shinikizo la oili, joto la maji, petroli, mwendo, na mizunguko ya injini. Ile ya oili ililetewa oili yenyewe kwa bomba jembamba kutoka injini mpaka nyuma ya uso wa geji. Kwa upande mwingine zilikuwako taa: mbili za kijani za indiketa, moja ya buluu ya taa kubwa za mbele, na moja nyekundu ya dinamo. Watengenezaji walimwamini dereva wa gari la spoti kuhusu oili na maji, wakampa tarakimu. Kuhusu umeme walimpa ndiyo na hapana tu.

Vifaa vyote vya umeme vilikuwa vya Lucas wa Birmingham. Wenye magari ya Kiingereza wana mzaha wa siku nyingi wa kumwita Joseph Lucas mfalme wa giza. Mzaha unachekesha, lakini naona si wa haki. Katika gari lile nililolijua kwa zaidi ya miaka 30, hitilafu nyingi za umeme hazikutoka ndani ya kifaa. Zilitoka mahali waya mmoja ulipokutana na mwingine, penye kutu, ulegevu au vumbi la barabara yetu. Na Lucas alimwachia fundi msaada mkubwa: rangi za waya. Kahawia huja moja kwa moja kutoka betri, nyeupe hupata umeme ukigeuza ufunguo, kijani imekwisha kupita kwenye fyuzi, nyeusi inakwenda kwenye bodi. Aliyezikariri rangi hizo nne anaweza kulitembelea gari zima bila kupotea.

Mwaka 1983, vifaa vya maabara vilipokuwa adimu kama sabuni na sukari, nilimwomba rafiki yangu atuazime gari lake kwa kipindi kimoja. Wanachuo wa mwaka wa pili walilizunguka, nami nikachora ubaoni njia ya taa nyekundu. Upande mmoja wa balbu umeunganishwa na swichi ya ufunguo, yaani na betri. Upande wa pili umeunganishwa na dinamo. Balbu haigusi bodi ya gari mahali popote. Ukigeuza ufunguo injini ikiwa imelala, betri inasukuma kwa volti 12 na dinamo haisukumi chochote, basi umeme unapita kwenye balbu kuelekea dinamo, na taa inawaka. Injini ikishika, dinamo inaanza kusukuma nayo. Ikifika takriban volti 13, swichi iliyomo ndani ya kisanduku cha kudhibiti umeme, ambacho mafundi walikiita katauti, inajifunga na kuiunganisha dinamo na betri. Sasa pande zote mbili za balbu zinasukumwa sawasawa. Umeme hauna sababu ya kwenda huku wala kule. Taa inazimika.

Nilileta madebe mawili ya maji yaliyounganishwa kwa mpira, nikawaonyesha kwamba debe moja likiwa juu maji hutembea, na yakiwa usawa hutulia. Ndipo mwanachuo mmoja wa kike, aliyekaa mbele kabisa, akauliza, "Mwalimu, na kama madebe yote mawili ni matupu?"

Hilo ndilo swali bora nililowahi kuulizwa katika somo la umeme. Madebe matupu nayo yana usawa. Betri ikifa kabisa, taa haiwaki. Balbu ikiungua, taa haiwaki. Kwa hiyo giza la taa ile lina maana mbili zisizopatana hata kidogo: kwamba mambo ni mazuri, au kwamba hakuna aliyebaki wa kusema. Njia pekee ya kutofautisha ni kuitazama kabla ya kupiga stata. Isipowaka hapo, kuzimika kwake baadaye hakuna habari yoyote. Hii ndiyo kasoro niliyosema nitaifikia, na haihusu upumbavu wa dereva.

Wamarekani waliiona kasoro hiyo wakaitungia sheria. Kuanzia Januari 1968 kanuni za serikali yao zilitaka magari mapya yawe na breki za mifumo miwili iliyotengana, pamoja na taa ya kuonya mmoja ukishindwa. MGB zilizopelekwa Marekani zikawekewa taa hiyo, na taa yenyewe ilikuwa ya kubonyezwa. Dereva aliweza kuibonyeza akaona inawaka, akajua kwamba ukimya wake ni wa kweli. Magari ya leo hufanya jaribio hilo yenyewe: ukifungua ufunguo, dashibodi nzima inawaka kama mti wa Krismasi kwa nukta chache. Ukienda kununua gari lililotumika, hicho ndicho kipindi cha kutoa macho. Wako wauzaji wanaotibu injini kwa kuchomoa balbu.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na altaneta. Chrysler waliiweka katika Valiant ya mwaka 1960, na polepole wengine wakafuata. MGB ilipewa altaneta mwishoni mwa mwaka 1967. Altaneta hutoa umeme wa kutosha hata injini ikiunguruma taratibu, jambo ambalo dinamo haikuliweza. Katika gari la dinamo taa kumulikamulika ukiwa umesimama kwenye makutano ya barabara ni hali ya kawaida, na dereva wa zamani hakushtuka. Katika gari la altaneta ni dalili ya ugonjwa.

Tena, altaneta zilizofuata, zenye kidhibiti ndani yake, ziliigeuza kazi ya taa. Altaneta haina sumaku ya kudumu ya kutegemea. Huhitaji umeme kidogo wa kuiamsha, na umeme huo hupitia kwenye balbu ya onyo. Tafakari jambo hilo. Katika gari la 1964 balbu ikiungua hakuna kinachoharibika, umepoteza mjumbe tu. Katika gari la 1974 balbu ileile ikiungua, altaneta yenyewe inaweza kukataa kuamka, na utalala njiani. Mjumbe amefanywa mshiriki katika kazi. Wakati huo huo MGB iligeuza betri yake. Hadi mwaka 1967 upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi ya gari. Baada ya hapo ukawa wa hasi, kama magari yote tunayoyaona leo. Nje hakuna alama ya mabadiliko haya. Taa ni ileile nyekundu, mahali ni karibu palepale.

Rafiki yangu alifariki mwaka 2010. Gari lilikaa chini ya mwembe miaka miwili likiwa limefunikwa turubai. Mwaka 2012 mkewe aliniita nyumbani kwake.

"Shemeji," aliniambia, "marehemu alilipenda gari hili kuliko shati lake. Lakini paa linavuja na mtoto wa mwisho yuko chuo. Amekuja mtu anatoa laki nne. Fundi wake anasema dinamo imekufa, waya zote zimeoza, na dinamo ya namna hiyo haipatikani tena nchini. Kama kweli limekufa, niambie nizichukue hizo laki nne. Kama halijafa, niambie pia."

Laki nne ilikuwa bei ya chuma chakavu. Nilimwomba asubiri siku moja, nikaomba mnunuzi arudi pamoja na fundi wake. Nataka kuwa mwadilifu hapa: sikumwona yule mnunuzi kuwa tapeli, na fundi alikuwa kijana hodari ambaye karakana yake ilijaa magari ya Kijapani. Alinisalimu shikamoo, akanieleza alichokiona. Alikuwa amelipa gari betri yenye nguvu, akasafisha kabureta, injini ikashika. Taa nyekundu ilipungua lakini haikuzimika. Ukipiga resi, ilizidi kung'aa. Kwake yeye maana ilikuwa wazi, kwa kuwa katika altaneta taa inayobaki na wekundu hafifu mara nyingi ni daiodi au brashi, na dawa yake ni kuibadilisha. Alikuwa amezaliwa miaka mingi baada ya MGB kuacha dinamo. Aliisoma taa kwa lugha aliyofundishwa.

Nilimwomba arudie mbele yangu. Alipotaka kufunga betri nilimwonyesha waya mnene uliopigwa boliti kwenye bodi, nikamwambia afunge chanya hapo. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa avae viatu kichwani.

"Mzee, tutaunguza gari."

"Ndivyo lilivyozaliwa," nilimwambia. "Juzi ulifungaje?"

Akafikiri kidogo. "Nilifuata nilivyoona ncha za waya zilivyokaa. Sikuangalia alama."

Bahati ilikuwa upande wetu, maana ncha ya chanya ni nene kuliko ya hasi, na kila waya ulikuwa umekubali ncha yake. Tukawasha. Taa ikawaka kwa nguvu, injini ikashika, taa ikafifia. Nikamwomba apige resi taratibu. Wekundu ukapanda pamoja na sauti ya injini. Kisha nikamwambia awashe taa kubwa za mbele. Wekundu ukaongezeka zaidi. Akazizima, ukapungua.

Hapo nilijua gari halijafa. Dinamo iliyokufa haibadiliki. Taa yake huwaka kwa nguvu zote, ukipiga resi au usipige, kwa sababu debe moja limejaa na jingine ni tupu siku zote. Taa inayopanda na mizunguko ya injini inasema kinyume: dinamo inasukuma, tena inasukuma kuliko betri, ila inachokisukuma kimezuiwa njiani. Umeme unapita kwenye balbu kuelekea upande wa pili, kutoka dinamo kwenda betri. Jicho haliwezi kuona tofauti, maana balbu huwaka vilevile umeme ukitoka kushoto au kulia. Na taa kubwa zikiwashwa, dinamo inatakiwa ipitishe umeme mwingi zaidi mahali penye kizuizi, basi tofauti inakua.

Fundi alikuwa na mita nzuri. Tukapima penye dinamo: volti 14.4. Tukapima kwenye betri, injini ikiwa inaunguruma vilevile: 12.5. Karibu volti mbili zilikuwa zinapotea kati ya sehemu hizo mbili, na baina yake kuna kisanduku cha katauti na waya wa kahawia. Tukazima injini, tukafungua betri, tukafungua mfuniko wa kisanduku. Midomo ya swichi ilikuwa safi vya kutosha. Tukavuta waya wa kahawia. Ulitoka bila ubishi, na hiyo ilikuwa dalili ya kwanza. Ndani ya kichwa chake mlikuwa na unga wa kijani na mweupe, na kifuniko cha plastiki kilikuwa kimeanza kubabuka kwa joto. Miaka miwili chini ya mwembe, umande kila asubuhi.

Kazi yenyewe haikuzidi nusu saa. Msasa laini, koleo la kubana kichwa cha waya kishike sawasawa, na tukafanya hivyo kwenye kila kiungo cha kahawia tulichoweza kukifikia, pamoja na kile cha bodi. Tuliporudisha betri na kuwasha, taa ikawaka, ikafifia, na injini ilipoongezwa kidogo ikazimika kabisa. Fundi akapiga resi, akawasha taa kubwa, akawasha waipa. Giza. Akapima betri: 14.1.

Alikaa juu ya kizingiti cha mlango akiitazama dashibodi. "Kwa hiyo Mzee, taa haijui upande?"

"Haijui. Inajua tofauti tu."

"Mbona shuleni hatukuambiwa?"

Sikuwa na jibu la haraka la swali hilo, nami nimekuwa katika shughuli ya kuwaandaa walimu kwa miaka 35. Mitaala yetu inasema wazi kwamba mwanafunzi ajue kuunganisha balbu na betri. Haisemi achunguze balbu iliyo kati ya vitu viwili vinavyosukumana.

Mnunuzi alikuwa amesimama pembeni muda wote huo bila kusema neno. Nilitegemea ataondoka kwa hasira, au atatafuta kasoro nyingine, na zilikuwepo: matairi yalikuwa yamepasuka, turubai la paa lilikuwa limeliwa na panya, na kutu ilikuwa imeingia chini ya milango. Alizitaja zote, naye hakukosea. Lakini hakulitaja tena neno chakavu. Walikaa barazani na shemeji, wakanywa chai, wakavutana kwa saa nzima, na nilikataa kuwaamulia kwa kuwa mimi nilijua volti, sikujua bei. Waliafikiana milioni tatu na laki mbili. Bati za paa zilifika wiki iliyofuata.

Kabla hawajaondoka fundi aliniomba nimwelezee tena habari ya chanya na hasi, akaisikiliza akiwa amechuchumaa mbele ya injini. Kisha akatoa kalamu ya wino mzito mfukoni, akaandika juu ya mfuniko wa katauti kwa herufi kubwa, ili fundi mwingine yeyote atakayelifungua boneti lile aone kabla hajagusa kitu: 1964. DINAMO. CHANYA KWENYE BODI.